Kamba ya Gome

Katika kiwanja cha shule moja ya msingi pembezoni mwa mji wa Lubumbashi, mahali ambapo nyumba za matofali zinakoma na njia ya vumbi jekundu inaanza safari yake ya kwenda Kasenga, nilimwona mwalimu mmoja, asubuhi ya mwezi wa kumi, akifungua sanduku la bati na kutoa humo donge la kamba ya gome, lililozungushwa juu ya kijiti kwa uangalifu ule ule ambao mvuvi wa Luapula huzungushia mshipi wake. Na tangu asubuhi ile hata leo sijapata kuona ustadi wa mikono ulionigusa moyo kwa kadiri ile, ijapokuwa nimekwisha kuketi na wahunzi, waseremala na wafinyanzi wengi ambao kazi zao hudumu miaka, ilhali kazi ya mwalimu huyu ilikwisha kengele ilipolia, isibaki chochote cha kushikika ila donge lile lile la kamba.

Ulikuwa msimu wa joto linalotangulia mvua, wakati ambapo mijakaranda ya mjini imevaa zambarau, na miombo ya porini, kwa desturi yake ya ajabu, imekwisha kuchipua majani mekundu kama shaba kabla tone la kwanza halijaanguka. Somo la siku ile lilikuwa mnyororo wa chakula. Ndani ya darasa maneno yake yalikuwa yameandikwa ubaoni kwa Kifaransa, kwa hati nzuri ya kulala, kama mtaala unavyotaka. Lakini mwalimu aliyaacha maneno yale yakilinda madawati matupu, akawatoa watoto nje, zaidi ya sabini, wenye mashati meupe na kaptula na sketi za buluu, akawasimamisha duara chini ya mwembe, akaanza kusema nao Kiswahili cha nyumbani kwao. Tangu mwezi wa tisa wa mwaka 2019, serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi isiyo na malipo katika shule za umma, madarasa yetu yamefurika, jambo ambalo ni neema kwa mtoto wa maskini na mzigo mzito kwa mwalimu wake. Na walimu wengi, kwa uchovu ambao sina haki ya kuulaumu, wameona kwamba njia ya salama ni kuandika ubaoni na kuwaamuru watoto wanakili. Huyu aliona vingine. Katika watoto sabini aliona msitu.

Alimwita msichana mwembamba aliyekuwa akijificha nyuma ya wenzake, akampa ncha ya kamba, akamwuliza yeye ni nani. Msichana akajibu kwa sauti ndogo, "Miye njo mutondo." Mutondo ni mti katika jamaa ya miombo, ambao wazee wa viunga vya Lubumbashi huujua kwa jani na kwa gome, na viwavi tuwaitao tunkubiu hula majani yake. "Nani atakukula?" mwalimu akauliza, na kabla hajamaliza neno mikono ilikuwa imekwisha kupanda, kwa kuwa hapana mtoto wa Katanga asiyejua habari za vinkubala, yaani viwavi waliwao. Donge likarushwa upande wa pili kwa mvulana aliyejiita kiwavi. Kiwavi akaliwa na ndege, ndege akaliwa na kipanga. Lakini kiwavi yule yule akatakiwa pia na mama muuzaji wa soko, basi kamba, ambayo mwanzo ilikwenda mbele kama mnyororo, ikarudi nyuma, ikakatiza, ikajipinda, ikashika huku na kule. Bowa, yaani uyoga wa msituni, ulifungwa na mutondo, maana iko aina ya uyoga ambayo huishi kwa kushikana na mizizi ya miombo, ikiupatia mti maji na chumvi za ardhi, nao mti ukiulipa uyoga kwa sukari ya majani yake. Nyuki akafungwa na ua. Mchwa akafungwa na kuni kavu, kakakuona akafungwa na mchwa, samaki wa mto Kafubu akafungwa na wadudu waangukao majini. Na mwisho wa yote mtoto mmoja mnene, mcheshi, aliyepewa jina la Mtu tu, akajikuta ameshika kamba nyingi kupita wenzake wote, naye akafurahi akidhani kwamba huo ndio ushindi.

Hapa ndipo ustadi ulipojidhihirisha, nami naomba msomaji anistahimilie nikawie juu ya jambo ambalo mpita njia angeliona dogo. Kamba ikilegea, mchezo umekufa, kwa kuwa mvuto unaoanza upande mmoja hufia katikati, na mtoto wa upande wa pili hajui kwamba limetokea lolote. Ikikazwa kupita kiasi, humkata mtoto kiganja, naye huiachia kwa uchungu, na utando wote huporomoka kabla ya wakati wake. Kati ya kulegea na kukaza ipo kadiri moja tu iliyo sawa, na mwalimu alikuwa akiitafuta kwa kulizunguka duara polepole, akijaribu kila uzi kwa kidole gumba na kidole cha shahada, vidole viwili tu, kama walivyofanya wapiga gita wa Katanga wa zama za Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, ambao kwa vidole viwili hivyo walitoa sauti ambazo asiyewaona hudhani kwamba ni watu wawili wanaopiga. Huku alilegeza, kule alikaza. Mtoto mmoja alimsogeza hatua moja nyuma, mwingine alimwinua kiwiko. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, na watoto sabini, ambao ndani ya darasa wasingetulia hata robo ya muda huo, walisimama kimya, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba akicheza na uzi wake atamharibia mwenzake.

Na kamba yenyewe ina habari yake. Haikuwa ya nailoni wala ya katani ya dukani, bali ya gome la ndani la mti wa miombo, lililobanduliwa wakati wa mvua, siku ambazo gome huachana na mti bila ukaidi, likalowekwa, likapondwa, likasokotwa juu ya paja. Nilimwuliza mwalimu kwa nini ajisumbue hivyo, na ilhali kamba za nailoni za rangi zote zimetundikwa katika kila kibanda cha soko, naye akanipa kipande cha nailoni nikishike ncha moja, akaivuta ncha ya pili. Nilihisi kidogo sana. Akanipa kipande cha gome, akavuta kwa nguvu ile ile, na mkono wangu ukaenda. Nailoni hunyumbuka, ikaumeza mvuto njiani. Gome halinyumbuki, hupokea na kutoa kama lilivyopokea. Kwa hiyo kila mwaka mzee mmoja wa upande wa Kasenga, jamaa ya mkewe, alikuwa akimletea kamba mpya, na mwalimu akimlipa kutoka katika mshahara ambao wote tunajua jinsi ulivyo mchache na jinsi unavyochelewa.

Nikiwa nimesimama pale nilikumbuka masomo yangu mwenyewe, katika shule ambayo haina haja ya kutajwa. Sisi pia tulifundishwa mnyororo wa chakula. Tulinakili ubaoni picha ya nyasi, na ya swala, na ya simba, tukachora mishale miwili, tukapata alama zetu. Na hapana hata mmoja kati yetu aliyekuwa amemwona simba wala swala, ilhali nje ya dirisha, hatua ishirini kutoka dawati langu, palikuwa na kichuguu ambacho juu yake mvua za kwanza zilikuwa zikitoa kumbikumbi kwa maelfu, nasi tukitoroka darasani kwenda kuwakamata na kuwakaanga. Mwalimu wetu alitupiga kwa utoro huo. Sasa, baada ya miaka mingi, naona kwamba siku zile za utoro ndizo tulizokuwa ndani ya somo lenyewe, tukila kutoka katika mnyororo ule ule uliokuwa ukitungojea ubaoni, wala hapakuwa na mtu wa kutuambia kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja. Mwalimu wa kamba hamkubali simba katika duara lake. Mtoto akitaka kuwa punda milia humwambia kwa upole kwamba wachache waliosalia wako mbali kaskazini, katika hifadhi ya Upemba iliyowekwa mwaka 1939, na kwamba siku atakapokwenda kuwaona atapewa uzi. Leo achague mnyama ambaye amekwisha kumshika, au kumla, au kumkimbia.

Lakini kabla ya shule alikuwapo bibi yangu, ambaye sisi wa Katanga humwita kambo, naye ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa ilimu hii, ijapokuwa hakupata kusoma herufi. Mwezi wa kwanza, mvua ikiwa imeshika, alituamsha kabla alfajiri haijakaribia hata kwa ndoto, kungali giza, tukatoka na vikapu kwa miguu kufuata kingo za msitu, ambazo siku hizo zilikuwa karibu kiasi kwamba jua lilitukuta tumekwisha kufika. Nikimtafuta kiwavi, mimi nilitazama juu, kama afanyavyo kila asiyejua, nikajikwaa juu ya mizizi na kurudi na shingo inayouma. Kambo hakutazama juu. Yeye alitazama chini, akitafuta punje ndogo nyeusi juu ya majani yaliyoanguka, ambazo ni mavi ya kiwavi. Alipoziona alisimama, akazishika, akazivunja kwa ukucha kuona kama zina ubichi, kisha ndipo alipoinua macho yake, mara moja tu, na daima yakaangukia tawi lenyewe. Alinifundisha kwamba kilichoko juu hujulikana kwa kilichoko chini. Alinifundisha pia kwamba uyoga fulani usiutafute ila chini ya mti fulani, na kwamba mti ule ukikatwa usirudi tena mahali pale na kikapu, kwa kuwa uyoga umekwenda na mti wake. Jambo ambalo nilidhani ni imani ya wazee, mpaka nilipolisoma katika vitabu vya wataalamu wa mimea, likiwa limeelezwa kwa maneno marefu zaidi.

Tulipokwisha kuchuma, alifukia mahali pale kwa majani makavu, akayabonyeza kwa kiganja, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Sikumwuliza kwa nini. Ningalimwuliza, pengine angalinijibu, nami leo ningekuwa na jibu lake. Lakini utoto hudhani kwamba wazee hawaondoki, na msitu kadhalika.

Fikra ya kwamba viumbe wamefungamana kwa kulana si ya jana. Al-Jahiz wa Basra, mwanachuoni aliyefariki takriban mwaka 869, naye ni katika wale waliotunga risala ya kuwasifu watu weusi, aliandika katika kitabu chake kikubwa juu ya wanyama jinsi kila kiumbe anavyomwinda aliye dhaifu kuliko yeye na kuwindwa na aliye hodari kuliko yeye. Zaidi ya miaka elfu moja ilipita, na mwaka 1927 Mwingereza Charles Elton akauweka mnyororo wa chakula katika kitabu cha ilimu, na mwaka 1935 mwenzake Arthur Tansley akalipa jina jumla ile ya viumbe, udongo, maji na hewa ambayo leo twaiita mfumo wa ikolojia. Nasi wa Lubumbashi tulimpata François Malaisse, Mbelgiji aliyezunguka miombo yetu kwa miaka mingi, akawasikiliza watu kama kambo, na mwaka 1997 akatoa kitabu kizima juu ya namna ya kujilisha katika msitu huu, chenye viwavi, uyoga, asali, matunda na mizizi. Kitabu ambacho nakiheshimu sana, ila husikitika kila nikikifungua, kwa kuwa watoto wa wale waliomwonyesha mambo hayo hawawezi kukinunua. Mchezo wa uzi wenyewe umeenezwa duniani na Mmarekani Joseph Cornell, kwa kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya kuwashirikisha watoto maumbile. Mwalimu wa kamba hajapata kukiona kitabu hicho. Aliuona mchezo mara moja, ujanani, ukichezwa na mgeni, kwa uzi wa kufumia. Vingine vyote, yaani gome, mutondo, vidole viwili na kimya, ni vyake.

Anao mchezo wa pili, wa mahindi, nao nitausimulia kwa ufupi. Huhesabu punje 1,000 na kuzimimina katika kopo la watoto walio miti. Miti huwapa viwavi 100, viwavi huwapa ndege 10, ndege humpa kipanga punje 1, na zinazobaki katika kila hatua humwagwa juu ya gunia, kwa kuwa ndizo zilizotumika katika kupumua, katika kwenda, katika joto la mwili, na hazirudi. Hesabu hiyo ya sehemu moja ya kumi ni ya kukadiria, lakini asili yake ni kazi ya kijana mmoja wa Marekani, Raymond Lindeman, aliyechunguza ziwa dogo la Minnesota na kufariki mwaka 1942, umri wake miaka 26, kabla makala yake mashuhuri haijatoka mtamboni. Mtoto aliyekuwa kipanga aliitazama punje yake kwenye kiganja, akauliza kwa masikitiko ya kweli, "Mwalimu, sasa miye nitakula nini?" Na mwalimu akasema kwamba ndiyo sababu vipanga ni wachache na nyasi ni nyingi. Kisha akatia katika kopo la mboga punje chache alizozipaka rangi nyekundu. Hizi zilikuwa vumbi la madini. Tanuru la shaba la mji huu liliwashwa mwaka 1911, na kwa miaka mingi pepo za kusini-mashariki zilichukua moshi wake zikautua upande mmoja wa mji, hata udongo wa huko ukawa uchi. Na mwaka 2009 Profesa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini wana kobalti mwilini kwa kiasi kikubwa mno kuliko wakaao mbali. Watoto walizifuata punje nyekundu kwa macho: kutoka juu ya jani la lengalenga mpaka sufuriani, kutoka sufuriani mpaka mkononi mwa yule aliyeitwa Mtu. Zile za njano zilimwagwa njiani. Nyekundu zilifika.

Lakini narudi kwenye kamba, maana sijafika penye kiini chake. Mwalimu alipokwisha kuridhika na mkazo wa nyuzi zote, aliokota kijiti, akasema kwamba hiki ni shoka. Niliona kwamba hakumpa mtoto yeyote. Alilishika mwenyewe, nami baadaye nikamwuliza sababu yake. "Bwana," akanijibu, "katika hawa wako ambao baba zao wanachoma makala. Mtoto asitiwe aibu kwa ajili ya bukari ya kwao." Makala kwetu ni makaa ya kupikia, na bukari ni ugali. Nimesoma hotuba nyingi mintarafu ya kuhifadhi misitu, nimesikia lawama nyingi juu ya wachoma makala, katika mji ambao jikoni zake nyingi hazina kingine cha kuwashia, na katika hotuba hizo zote sikukuta insafu kama iliyomo katika tendo lile la mwalimu kushika shoka kwa mkono wake.

Akamwendea msichana aliyekuwa mutondo, akamgusa begani. Amri ilikuwa moja: aliyekatwa achutame bila kuiachia kamba, na yeyote atakayehisi kamba yake ikivutwa, naye achutame. Msichana akachutama. Kwanza hapakutokea kitu. Kisha kiwavi akashuka, na uyoga ukashuka. Nyuki akasita kidogo, akautazama mkono wake, akashuka. Ndege alifuata, na mama wa soko, na kipanga mwenye punje moja. Na mshuko ule ukazunguka duara kama upepo unavyolaza nyasi, si kwa haraka, si kwa mpango, ila huku wawili, kule mmoja, mpaka nikaona watoto waliokuwa mbali kabisa na mutondo, ambao mwanzo hawakujua hata nani amekatwa, wakichutama kwa uso wa mshangao. Akabaki Mtu, amesimama peke yake katikati ya wenzake waliochutama, ameshika kamba zake nyingi. Zilikuwa zikimvuta kutoka kila upande kwa pamoja. Hakucheka tena. Aliinama kidogo kidogo, goti moja, kisha la pili.

Mwalimu asiyejua kazi yake angesema hapo hapo, "Mmeona?" na kila kitu kingeharibika. Huyu alinyamaza. Sijui niukadirie vipi urefu wa kimya kile. Nakumbuka tu kwamba lori lilipita barabarani na vumbi lake likatufikia na kutua, na jogoo akawika mahali, na hapana mtoto aliyeinuka. Mikono yao ilikuwa bado imeshika, na katika kila mkono kulikuwa na ule uzito mdogo wa mti ulioanguka mbali. Ustadi wa fundi seremala huonekana katika ubao alioukata, na wa mwalimu huyu nimeuona katika maneno aliyoyazuia kinywani mwake. Waliponyanyuka, mtoto mmoja alisema kwa sauti isiyo ya kumwambia mtu, "Haikukuwa hata karibu yangu."

Katika pembe ya kiwanja kile mna kichuguu, au niseme nusu ya kichuguu, kwa kuwa nusu ya pili imechimbwa na wafyatua matofali. Wageni wakija Lubumbashi hustaajabia vichuguu vyetu, vingine virefu kuliko nyumba na vipana kiasi cha kubeba miti juu yake, na juu ya kuta zake, mvua ikianza, hutoka ule uyoga ambao kofia yake huweza kufikia mita 1 upana wake, nao ulipewa jina la kitaalamu mwaka 1980, baada ya kulisha vizazi visivyohesabika. Wanachuoni waliopima umri wa vichuguu vya miombo karibu na mji huu walichapisha mwaka 2015 kwamba kimoja kati yake, kilichokwisha kuhamwa na wenyewe, kitako chake kina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910. Basi fikiri juu ya kilima kilichokuwa kikijengwa na mchwa kabla Nabii Isa hajazaliwa, mvua baada ya mvua, punje baada ya punje ya udongo wa chini iliyopandishwa mdomoni, kikabomolewa kwa wiki mbili ili ukuta mmoja usimame. Siwalaumu wafyatuaji, maana watu hawana budi kulala ndani ya nyumba, na udongo wa kichuguu hutoa tofali jema. Nalaumu kwamba hapana aliyeuliza, na kwamba watoto wa shule ile hupita pale kila asubuhi wasijue wanapita kando ya nini, isipokuwa hawa sabini, ambao mwalimu amewapandisha juu ya nusu iliyobaki na kuwaketisha.

Siku hizi huambiwa kwamba mambo haya yana njia nyepesi zaidi. Katika shule moja ya wenye nafasi nilionyeshwa somo hili hili likichezwa katika kompyuta, lenye rangi nzuri na sauti za ndege ambao sikuwatambua. Mtoto aliongeza sungura, akapunguza mbweha, akatazama mistari ikipanda na kushuka, na hesabu zake, nakiri, zilikuwa sahihi kuliko za kamba na punje za mahindi. Yako mambo ya miaka hamsini ambayo mashine ile huyaonyesha katika dakika moja, na mwenye kuikataa kabisa humdhulumu mtoto. Lakini alipoua kila kitu, kwa udadisi tu, kama watoto wafanyavyo, alibonyeza mahali palipoandikwa kuanza upya, na sungura wote wakarudi, wazima, wakiruka. Hapo moyo wangu ulinyong'onyea. Alikuwa hajahisi chochote mkononi, na kosa lake halikumgharimu hata muda wa kulitengeneza.

Katika duara la mwembe hapana kuanza upya. Utando uliofumwa na watoto sabini haufumuki kwa kuukata, wala mwalimu hakubali ukatwe. Sharti donge lirudi lilikotoka kwa njia ile ile, kutoka kwa Mtu hadi kwa kipanga, kutoka kwa kipanga hadi kwa ndege, kila mmoja akimrudishia yule aliyempa, na mmoja akisahau ni nani aliyempa, wote husimama mpaka akumbuke. Kazi hiyo ya kurudi ilichukua muda mrefu kuliko mchezo wenyewe. Kengele ililia wakiwa wamefika kwa nyuki, na mwalimu mwingine alitoka mlangoni akatazama saa yake. Wao wakaendelea, mpaka ncha ya kamba ikarudi katika kiganja cha msichana mwembamba, naye akaipeleka kwa mwalimu kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mkubwa kitu cha thamani.

Watoto walipokwisha kuingia ndani nilibaki naye chini ya mwembe akikunja kamba yake juu ya kijiti, nikamshikia. Ilipokuwa ikipita kati ya vidole vyangu nilihisi gome, kavu na lenye makovu, kisha fundo, kisha kitu laini chenye kuteleza, kisha fundo tena, na gome. Nilitazama. Kilikuwa kipande cha nailoni ya buluu, urefu wa pima mbili. Mbele yake kilikuja kingine, cha kijani, kirefu zaidi. Mwalimu hakuinua uso. Akasema kwamba yule mzee wa upande wa Kasenga yu hai na mikono yake ingali na nguvu, lakini mwaka jana alitembea siku nzima akitafuta mti unaofaa kubanduliwa, akarudi mikono mitupu. Mwaka huu hakutembea. Gome linapokatika, mwalimu huunga kwa kilichopo. Kwa sasa, akasema, huwapanga watoto kwa akili, ili vipande vya nailoni viangukie kati ya wale waliosimama karibu karibu, ambako mvuto haupotei sana, na gome alibakishie mutondo na jirani zake. Akafunga sanduku, akaniuliza kama kazi zangu huwa zinanipeleka huko porini, upande wa Kasenga au hata mbali zaidi, mahali ambapo miti mikubwa ingali imesimama.